Nilimficha Jikoni

Agosti ya mwaka 1986 nilikuwa na kibanda cha chai pale Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Malori yakiegeshwa, vumbi linapanda; yakiondoka, yanatuachia moshi wa dizeli. Mimi sikujali. Dereva mwenye njaa hali vumbi, anakula mandazi, na mandazi yangu yalikuwa na jina.

Binti yangu Kaluki, wa miaka kumi na minne, ndiye aliyewapelekea wateja chai. Alikuwa na ukurutu tangu utotoni. Akienda kwa nyanya yake Nunguni, juu kwenye baridi na ukungu, ngozi yake hutulia hata ukasahau. Akirudi Kiboko msimu wa upepo mkavu, shingo na viwiko vinachachamaa, anajikuna mpaka damu.

Siku moja dereva mgeni aliutazama mkono uliomletea chai, akakisukuma kikombe pembeni.

"Mama, huyu msichana ako na nini kwa mkono? Hiyo kitu haiambukizi?"

Wenzake wakaacha kutafuna. Nikawaona tayari wamehamia kwa Mbula, jirani yangu mwenye mandazi magumu na maneno mengi.

"Huyu? Huyu ni wa kazi tu," nikasema. "Nimemchukua juzi. Nitamrudisha kwao."

Ulimi haukunikwama hata kidogo. Kaluki alikuwa amesimama pale pale, trei mkononi. Aliiweka chini, akaenda nyuma.

Kuanzia siku hiyo nikamweka jikoni asionekane. Jiko lenyewe lilikuwa mabati na mafiga, bila dirisha, na moshi wa kuni ukiingia humo hautoki. Alikaanga mandazi kutwa nzima, amevaa sweta la mikono mirefu nililomlazimisha avae, jasho likimtiririka. Alipolia kwamba anawashwa, nilimwambia ajifunze kuoga vizuri. Nilisema hivyo, mimi niliyemzaa.

Wiki ya pili macho yalimvimba, mikunjo ya viwiko ikaanza kutoa maji, na vidole havikuweza tena kukanda unga. Hapo ndipo nikampeleka dispensari.

Daktari Gicheru, mzee wa miwani, aliigeuza mikono ya Kaluki polepole.

"Hii ni ukurutu. Haiambukizi mtu yeyote," akasema. "Lakini upepo kavu, vumbi, jasho, na zaidi moshi, zinaichokoza. Mchana unakaa wapi?"

"Jikoni, daktari," Kaluki akajibu.

"Kwa moshi? Na nani alikuweka huko?"

Nikatazama sakafu. Laiti ingefunguka inimeze.

"Ni mimi mwenyewe," Kaluki akasema. "Mwaitu alinikataza. Mimi ndio napenda kupika."

Mwaitu, mama yangu: ndivyo alivyoniita tangu ajue kusema. Alilitamka neno hilo kwa upole, bila kunitazama.

Daktari alimgombeza. Alimwita kichwa ngumu, akasema watoto wa siku hizi wanapuuza wazazi, na kwamba anamtesa mama yake bure. Maneno hayo yote yalikuwa ya kuambiwa mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nilikuwa na mdomo, na Mungu alikuwa akinisikiliza.

"Umesikia daktari?" nikamwambia binti yangu kwa ukali. "Si umesikia sasa?"

"Nimesikia, mwaitu," akasema, akainamisha kichwa.