Kakuchora Ulaya Nzima

Bibi Hajira wa Kibuta hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Mkorosho wake ukizaa vizuri, majirani wanajua. Goti likimuuma, majirani wanajua, na wa kitongoji cha pili nao wanajua. Sasa mtu wa namna hiyo unampa ahadi ya Ulaya, unategemea nini?

Aliyempa ahadi ni mjukuu wake Firdausi, mchora ramani katika ofisi moja kule Kibaha. Kazi yake ni kuchora viwanja vya watu: mpaka wako huu, barabara itapita hapa, wewe usijenge pale. Alipopata nafasi ya kwenda kusoma Uholanzi kwa miezi kadhaa, alikuja Kibuta kuaga. Bibi akamtazama, akamwambia, "Mke mwenzangu, nichukue na mimi." Walikuwa wakiitana hivyo tangu Firdausi anatambaa, maana marehemu Mzee Kitwana, mume wa Bibi Hajira, alikuwa akimwita yule mtoto mke wangu mdogo, utani wa babu na mjukuu. Siku ile Firdausi hakucheka. Akasema, "Naenda na wewe, bibi. Nakuahidi."

Wewe na mimi tungejua kwamba hayo ni maneno ya kuagana. Bibi Hajira hakujua, au hakutaka kujua. Keshoye alishuka Kisarawe mjini, akachambua mitumba asubuhi nzima mpaka akapata sweta la kijani, zito, lenye vifungo vikubwa kama biskuti. Akamuuliza Ashrafu mwenye duka kama mtu anaweza kuvaa kanga kwenye theluji. Akaaga na wale ambao hawakuuliza.

Firdausi akapanda ndege peke yake.

Kibuta wana maneno, hilo usiulize. Bibi akienda kisimani anaulizwa, "Hajira, vipi, ndege imepata pancha?" Akipita dukani anaambiwa Kiingereza chake kimekuwa kizuri siku hizi. Alijibu wote, kila mmoja kwa kipimo chake, lakini akifika ndani alikuwa akikaa kitandani akiliangalia lile sweta alilolining'iniza msumarini, na roho inamuuma. Hakulivaa hata siku moja. Mvua za masika zilimkuta analala na kanga mbili na sweta liko pale pale ukutani, mpaka akaugua nimonia, akalazwa, akawa hajitambui kwa siku kadhaa. Akapona. Akarudi nyumbani amekonda, ila ulimi hakuuacha hospitali.

Firdausi naye akarudi kutoka Ulaya. Akapiga simu, "Bibi, nakuja Jumamosi." Jumamosi ikapita. "Bibi, kazi zimenibana, nakuja Jumamosi ijayo." Nayo ikapita. Mwezi ukakaribia kuisha, na kutoka Kibaha kuja Kibuta hakuna bahari ya kuvuka. Bibi akawa anapokea simu kwa neno moja moja.

Ndipo akatokea Seifu, mjukuu mwingine, dereva wa bajaji wa stendi ya Kisarawe, kijana mwema ila mdomo wake unatangulia kichwa. Alileta abiria Kibuta, akapita kusalimia.

"Ndugu yako umemwona?" bibi akamuuliza.

"Nimemwona WhatsApp," Seifu akasema, na kicheko tayari kimeshamponyoka. "Bibi, Firdausi kakuchora wewe. Kakuchora Ulaya nzima. Nimecheka mpaka machozi."

"Kanichora vipi? Nionyeshe."

"Imeshafutika, bibi, zile picha zinakaa siku moja tu." Simu yake ikaita, abiria mwingine, akaondoka.

Bibi Hajira akabaki na lile neno. Kuchora kwa Firdausi alikokujua yeye ni kuchora viwanja. Sasa yeye na kiwanja wapi na wapi? Akajitanda kanga, akaenda kwa Ashrafu dukani, akajifanya anataka chumvi.

"Ashrafu baba, nyie vijana mkisema fulani kakuchora, mna maana gani?"

Ashrafu akacheka. "Bibi, umelitoa wapi hilo? Mtu akikuchora maana yake kakupima, kakuona boya, anakucheka pembeni."

"Na akikuchora Ulaya nzima?"

"Basi hapo kakuanika, bibi. Hukubaki na kitu."

Bibi akalipa chumvi asiyoihitaji. Njiani hakumsalimia mtu, na watu wakajua kuna jambo. Kumbe hivyo. Kumbe siyo kuachwa tu, alikuwa anachekwa, tena mbele ya Wazungu. Yule mtoto aliyemlea mgongoni, aliyemfundisha kufunga kanga, aliyemwombea dua kila swala asianguke na ile ndege. Akajaribu kuchemsha mihogo, ikaungua, akaitupa. Akampigia simu Seifu: "Kesho alfajiri unanipeleka Kibaha. Usiniulize."

Asubuhi alipanda bajaji na kikapu mapajani, ndani yake kitu kimoja tu, sweta la kijani. Seifu alijaribu mazungumzo walipoipita Kisarawe, akajaribu tena walipokaribia Kibamba, na mara zote jibu lilikuwa, "Tazama barabara." Mwenyewe alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena makali zaidi.

Firdausi anapanga vyumba viwili Tangini, hapo hapo Kibaha. Walimkuta uani anaanika nguo. Alipomwona bibi anashuka kwenye bajaji aliliachia shuka likaanguka mchangani, akaja mbio, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Hajira hakuitikia. Jamani, mwanamke yule huitikia shikamoo hata za watu waliomwibia kuku. Firdausi akabaki na goti lake chini, na Seifu akajikuta anakagua tairi la bajaji ambalo halina kosa.

"Sikuja kuitikia shikamoo," bibi akasema. Akatoa sweta kikapuni, akamtupia. "Shika nguo yako ya Ulaya. Ulisema unakwenda na mimi. Kibuta nzima wamenicheka, nikavumilia, nikasema mtoto ana mambo yake. Nimeugua nusura nife, umerudi, hujaja hata kuona kama nina pumzi. Kumbe huko ulikuwa unanichora. Unanichora mbele ya watu, mpaka Seifu analia machozi kwa kucheka."

Firdausi alilishika lile sweta kifuani. "Kweli nimekuchora, bibi," akasema. "Ingia ndani uone."

Bibi aliingia kwa sababu goti lilikuwa limechoka kusimama, siyo kwa sababu nyingine, na alilisema hilo. Firdausi akaleta daftari nene lisilo na mistari, lenye jalada jeusi lililochakaa pembeni, akalifungua mezani.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa uwanja wa ndege. Watu wengi na masanduku yao, wamechorwa kwa penseli harakaharaka, na katikati yao, kwenye kiti cha kusubiria, amekaa bibi kizee amejitanda kanga, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

"Huyu nani?" bibi akauliza.

"Wewe."

Bibi akasogeza kichwa. Ule mguu ulionyooshwa ulikuwa wake, wa kulia, ndivyo anavyokaa tangu goti lianze. Ile kanga ilikuwa na mikorosho, ile ile ya Idi. Na kwenye mkono uliochorwa kwa penseli kulikuwa na kovu dogo la mafuta ya maandazi, kovu ambalo hata marehemu mumewe alikuwa halikumbuki ni la mkono upi.

Firdausi akafunua. Bibi kwenye daraja la mji wa Leiden, ameshika ukingo, anatazama maji. Bibi kwenye kituo cha treni Amsterdam mbele ya baiskeli zisizo na idadi, mkono mdomoni. Bibi katika jumba la makumbusho, amekaa kwenye benchi mbele ya picha kubwa ya matajiri wa zamani wenye kola nyeupe shingoni, na chini yake maneno. "Nisomee," bibi akasema, maana miwani ilikuwa imebaki Kibuta.

"'Hawa walikuwa wanakulaje na haya masahani shingoni?'"

Bibi akameza kicheko. "Mimi sikusema hivyo."

"Ungesema."

Ni kweli, angesema.

Wakafika Antwerpen, nchi ya Ubelgiji, jumba jingine, kabati la kioo lenye vyombo vya jikoni vya watu wa zamani, vyungu, miko na kinu. Bibi wa penseli amesimama mbele ya kinu, mikono kiunoni, na chini imeandikwa: "Kinu cha watu kimekosa nini mpaka kikafungiwa?" Hapo Bibi Hajira akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Seifu mlangoni naye akacheka, akasema, "Si nilikwambia, bibi?" akatazamwa, akarudi kwenye tairi lake.

Aliendelea kufunua mwenyewe sasa, polepole, kwa kidole kilicholainishwa ulimi, na kila ukurasa alikuwa anajitafuta kwanza yeye, akishajiona ndipo anatazama mji. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumjua hivi. Yule mtoto alikuwa amekariri mpaka anavyoinamisha kichwa akiwa hajakubaliana na jambo. Kuanzia ukurasa fulani yule bibi wa penseli alikuwa amepata rangi, na juu ya kanga amevaa sweta la kijani lenye vifungo vikubwa.

"Nani alikwambia habari za sweta?"

"Mama. Alisema umelitundika msumarini na hutaki kuligusa. Nililia, bibi. Nilisema utani wa kuagana tu, wewe ukaenda kununua sweta. Kuanzia hapo nikasema lazima niende na wewe kweli." Akakaa chini mkekani karibu na miguu ya bibi. "Mle makumbusho wanaruhusu penseli tu, rangi nilikuwa naweka nikirudi chumbani. Kuna mlinzi mmoja, mzee wa Kizungu, kila nikienda ananikuta nachora lile benchi. Siku moja akachungulia, akaniuliza huyu bibi yuko wapi, mbona kwenye benchi hayupo. Nikamwambia ni bibi yangu, niko naye. Tangu siku hiyo akawa ananisalimia kwa wingi. Nafika peke yangu, anasema, 'Karibuni, habari zenu?'"

Bibi Hajira akafuta macho kwa ncha ya kanga, akajifanya ni vumbi la Kibamba. Mzungu asiyemjua alikuwa anamsalimia, na yeye alikuwa Kibuta ananuna. Moyoni alijiona amekwenda, amefika, amepokewa. Akatamani wale wa kisimani wawepo.

Akafunua ukurasa wa mwisho.

Lilikuwa lile lile benchi mbele ya wale wenye kola. Picha imechorwa vizuri kuliko zote, kila ubao wa sakafu, mpaka mwanga wa dirishani. Benchi halina mtu. Bibi akatafuta kwenye mlango, akatafuta nyuma ya nguzo.

"Hapa mbona sipo?"

Firdausi alikuwa analizungusha lile sweta mikononi, anakifungua kifungo na kukifunga.

"Hiyo ndiyo siku mama alinipigia akasema umelazwa, hujitambui. Ilikuwa Jumamosi yangu ya mwisho kule. Nikaenda vilevile, maana nikibaki chumbani ningechanganyikiwa. Nikachora kila kitu. Nilipofika kwako mkono ukakataa. Nikawaza, nikimchora, na kumbe saa hii keshaondoka, nitakuwa nimechora marehemu. Mlinzi alikuja kuniambia wanafunga. Akaniuliza bibi leo yuko wapi. Nikamwambia hajisikii vizuri, kabaki nyumbani." Akavuta pumzi. "Nimerudi, kila usiku nakaa na huo ukurasa. Nilitaka nikuletee kitabu kimekamilika. Siwezi. Na nikawa naogopa kuja, nisije nikakukuta umebadilika, halafu hiyo ndiyo sura ikakaa humo. Nisamehe, bibi."

"Ujinga," Bibi Hajira akasema. "Mtu anaumwa, unamwogopa?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwezi mzima nimekusubiri mlangoni kama posa."

"Najua."

Bibi akaushika ule ukurasa kwa mikono miwili, akautazama kitambo. Kisha akanyoosha mkono akachukua sweta. Jua la Kibaha lilikuwa limeshawaka juu ya bati na chumba kilikuwa kinachemka, hata feni ilikuwa inapuliza moto. Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Akasogea kwenye kiti kilichokuwa kinaelekea dirishani, akaunyoosha mguu wa kulia.

"Lete penseli," akasema. "Nichore. Nipo."

Firdausi akakaa na daftari magotini. Mistari ya kwanza ilitetemeka, akaifuta, akaanza upya, na safari hii mkono ukakubali. Kanga ikatokea, likatokea goti. Bibi alikuwa amekonda, na alichorwa amekonda. Jasho lilikuwa linamtiririka mashavuni na hakulifuta, asije akaharibu. Unasikia penseli tu.

"Mke mwenzangu," bibi akasema bila kugeuza kichwa.

"Abee, bibi."

"Marahaba."