Doa Kwenye Picha za Giza

Chuoni mwalimu wetu alizoea kusema kwamba anayezitaka nyota siku hizi ajifunze kwanza kuandika programu. Nilimwamini. Ndiyo maana, miezi mitatu baada ya kuhitimu, nilikuwa kazini kwa majaribio katika chumba kisicho na dirisha, nikisafisha picha za darubini ambayo sijawahi kuichungulia hata mara moja. Siku ya Ijumaa, Mkuu wa kituo angeamua kama nabaki au narudi nyumbani.

"Si uliniambia umesomea nyota?" mama alinicheka kwenye simu. "Mbona unashinda na kompyuta kama karani?"

"Nyota zenyewe zimo humo, mama."

"Haya, mwanangu. Wakikuajiri, nisalimie hizo nyota."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi fundi alifunga kifuniko cha darubini na kupiga picha ya giza tupu. Picha hiyo huonyesha kasoro za kamera, na programu huziondoa kasoro hizo kwenye picha za anga. Picha ya giza haitakiwi kuwa na kitu kingine chochote.

Ndani ya programu ya zamani nilikuta mistari miwili isiyo na maelezo. Kila siku ilikokotoa mahali fulani kwenye picha ya giza, kisha ikapafunika. Mimi sipendi uchafu, kwa hiyo niliifuta. Jumatatu nikaona doa jeupe, la mviringo, linalong'aa kama nyota.

"Kifuniko kilifungwa kweli?" nilimuuliza fundi.

"Dada, mwaka wa kumi na moja huu nafunga kifuniko kile kile. Au ulitaka nikikalie?"

Nilifungua picha za zamani, zile ambazo programu ilikuwa haijazigusa. Doa lilikuwemo katika kila moja, likisogea hatua ile ile kila siku. Nikipata njia yake, nilijiwazia, kazi ni yangu. Jumanne niliandika programu fupi ya kutabiri litakapokuwa kesho yake, na Jumatano asubuhi lilikuwa pale pale niliposema. Niliruka kwenye kiti.

Mchana, nikiipitia tena programu yangu, niliona kosa. Mahali pa kutoa nilikuwa nimejumlisha. Kwa hesabu sahihi, doa lilipaswa kuwa kushoto. Lilikuwa kulia, mahali ambapo kosa langu lilikuwa limelipeleka.

Sikumwambia mtu. Niliandika kwa makusudi namba za kona ya juu kabisa, ambako halijawahi kufika. Alhamisi asubuhi lilikuwa konani, limetulia, kama mtoto aliyeambiwa akae. Niliifuta programu yote nikazima kompyuta.

Ijumaa nilimweleza Mkuu kila kitu.

"Mistari ile niliiandika mimi," alisema. "Nilipogundua kwamba linakwenda kokote ninakoliandikia, nililifunika. Irudishe. Mkataba wako huu hapa."

"Nikiirudisha, tutakuwa tunawaambia watu kwamba picha za giza hazina kitu."

"Ndiyo."

"Si kweli, Mkuu."

"Binti, unajua ripoti ngapi zimetoka humu kwa miaka kumi na moja? Unataka tumwage unga sote?"

Niliutazama mkataba. Niliutaka. "Siwezi," nilisema. "Naomba radhi."

Aliurudisha kwenye droo. Wakati huo huo picha ya giza ya siku hiyo ikafunguka kwenye skrini yake. Doa lilikuwa kona ile ile ya jana. Halikuwa limesogea hata chembe.

Mkuu alisimama. "Jana uliliandikia nini?"

"Sikuliandikia kitu. Nilifuta yote."

"Miaka yote hii halijawahi kusimama." Sauti yake ilishuka. "Linangoja."

"Linangoja nini?"

Tulisikia kifuniko cha darubini kikifunguliwa juu yetu, na sote wawili tukashtuka, ingawa hufunguliwa kila siku picha ya giza ikishapigwa. Kisha Mkuu alivuta droo, akautoa mkataba, akanisukumia kwa ncha ya kidole.

"Liandike kwenye ripoti," alisema. "Taja kila kitu, na jina langu uliweke. Ila Jumatatu uwe hapa. Sitaki mtu mwingine yeyote aliambie liende wapi."

Nilisaini. Kalamu aliyonipa ilikuwa imelowa jasho lake.