Nyuma Kuwe Wazi

Jumatatu saa nne, baada ya chai, Hamse mpiga picha alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa stoo ya maabara. Shuka lilikuwa la kitanda cha zahanati ya shule, na pembeni lilikuwa na muhuri wa shule, kwa hiyo aliukunja upande ule kwa nyuma kisha akalibana kwa mawe mawili juu ya mabati. Jua la Garissa lilikuwa limeshaanza kazi. Shule ya Wasichana ya Bweni ya Warsan iko nje kidogo ya mji. Warsan kwa Kisomali ni habari njema, na wenye adabu hawalicheki jina hilo mbele ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu, Abdirizak, alikuwa amesimama kivulini akiwa na barua kutoka Nairobi. Barua ilisema kwamba shule inayotaka kufungua mkondo wa Sanaa ipeleke majina ya walimu wake wa sanaa, usuli wa kila mmoja, na picha. Mstari wa mwisho ulisema: "Mwalimu apigwe picha, na nyuma yake kuwe wazi."

Abdirizak aliusoma mstari huo mara tatu. Alikuwa mtu wa hisabati, hakupenda neno lenye majibu mawili. Kiti kisichokaliwa kiko wazi. Nyumba isiyo na mpangaji iko wazi. Nafasi ya mwalimu wa Kiswahili hapo shuleni ilikuwa wazi tangu mwaka juzi, aliyekuwapo alipokwenda kwao likizoni akaomba uhamisho hukohuko, kwa hiyo hakukuwa na wa kuulizwa. Akaamua kwamba nyuma ya mwalimu kusiwe na kitu. Ndipo likatafutwa shuka.

Walimu wa sanaa walikuwa wawili. Barasa alifundisha Muziki. Alitoka Kakamega, na kila mwaka alisema huu ndio wa mwisho. Hinda Yarow alifundisha Uchoraji. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na alikuwa mwalimu wa bodi, yaani shule ilimwajiri yenyewe na ingeweza kumwachisha yenyewe, siku yoyote, kwa mdomo tu. Asingeweza kuajiriwa na serikali kwa sababu hakuwa na namba ya usajili, na hakuwa na namba kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Alikuwa ameomba kitambulisho mara nne. Kila alipoweka vidole vyake juu ya kioo, mashine ilifikiri kidogo, halafu ikasema huyu ni mkimbizi wa Dadaab.

Hinda si mkimbizi. Alizaliwa Hulugho, na baba yake alizikwa Hulugho. Lakini mashine haikuulizwa habari ya kuzaliwa.

Barua ya Nairobi ilikuwa na jambo moja zaidi. Mwalimu ambaye jina lake lingeingia kwenye orodha ya mkondo wa Sanaa angehakikiwa upya, na vikwazo vyake vyote vingetazamwa. Hinda aliusoma mstari huo, akaenda darasani, akawafundisha wasichana kuchora mkono wa binadamu. Hakumwambia mtu, lakini siku hiyo aliwacheka hata waliochora vidole sita.

Hamse alileta picha Jumanne. Ile ya Barasa ilikuwa imeloa. Nyuma yake, mahali pa shuka, palikuwa na mahindi na mvua ya Kakamega ikinyesha kwa mfululizo, na maji yalikuwa yamevuja hadi ndani ya bahasha. Ile ya Hinda ilikuwa kavu. Nyuma yake palikuwa na tambarare nyekundu, na ng'ombe waliokufa, wengine wamelala kwa magoti kana kwamba wangeinuka tena. Mama yake alikuwa anafunga mikeka ya nyumba juu ya punda. Mbali kidogo palionekana kibanda cha mabati chenye maandishi, Ofisi ya Chifu, Hulugho, na bendera ya Kenya iliyopauka kwa jua lakini rangi zake zote zinasomeka.

"Hapo ni kwetu," Hinda alisema. "Ule mwaka wa ukame."

"Naona," alisema Abdirizak, ambaye ulimi wake wa Kisomali haukuzoea p wala v. "Lakini bicha hii haifai, walaal, dada yangu. Barua inasema nyuma iwe wazi. Hii imejaa fitu."

"Naomba nibaki nayo."

"Ya nini? Ng'ombe wameshakufa. Yaliyobita si ndwele, mwalimu. Hamse, futa hii kwa kamera, biga ingine."

Hinda alikuwa mwalimu wa bodi. Akili ilimwambia achukue ile picha aitie kwenye mkoba, na mkono ukakataa kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa bado ameishika. Hamse akafuta zilizokuwa ndani ya kamera. Abdirizak akampa Bilan, mpishi, zile mbili za karatasi aende kuwashia jiko. Ya Barasa haikushika moto, ikazima viberiti vitatu, Bilan akairudisha ofisini. Ya Hinda ilishika mara moja. Jikoni kulinuka ngozi ya ng'ombe iliyoungua mpaka adhuhuri, na wasichana wakauliza kama leo kuna nyama.

Jumatano Hinda alipigwa ya pili. Shuka lilikuwa lilelile, limefuliwa. Picha ilipotoka, Hulugho haikuwamo tena. Palikuwa na foleni ndefu ya watu Dadaab, na mwisho wa foleni msichana wa miaka kumi na miwili, gauni la manjano, amemshika mama yake nguo. Abdirizak akasema hii imejaa kuliko ya kwanza. Hamse akapiga ya tatu. Foleni ilikuwa imesogea. Sasa mama na msichana walikuwa mbele kabisa, mbele ya meza yenye daftari na kidau cha wino, na mama alikuwa ameinua kidevu kuelekea upande fulani.

Safari hii Hinda aliitia picha kwenye mkoba kabla ya kuulizwa. Mtu akiumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jioni akaenda nayo nyumbani, kwenye bulla, mtaa wanakoishi mjini, akamwekea mama yake juu ya mkeka. Mama yake anaitwa Habibo. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akaisogeza picha mpaka ikakaribia pua.

"Gauni hili nililiuza baadaye," alisema.

"Hooyo, hapa ulikuwa unasema nini?"

"Sikusema. Yule karani aliniuliza unatoka wapi. Nikamwonyesha kwa kidevu. Huku."

Kutoka Dadaab, Hulugho iko upande uleule uliko mpaka wa Somalia. Kidevu kimoja kinatosha kuonyesha vyote viwili, na karani akaandika kile cha mbali. Aliandika hivyo kwa watu wengi siku hiyo, kwa sababu ukame haukuwauliza watu kitambulisho, na unga ulikuwa unagawiwa kwa wakimbizi peke yao. Mwenye njaa hana miiko.

"Sikudanganya," Habibo alisema. Akairudisha picha. "Lakini nilijua ataandika nini."

Hinda hakumkasirikia. Alijaribu, kwa kweli, alijaribu njia nzima ya kurudi shuleni, lakini unga ule ndio uliomlea. Huko kambini ndiko alikojifunza kuchora, juu ya makopo ya mafuta ya msaada yaliyopondwa yakawa bapa. Alikuwa akiwachorea wenye maduka mabango: ngamia kwa muuza maziwa, simu kwa fundi wa simu, meno kwa mng'oa meno. Baadaye shirika moja lilimlipia chuo kwa sababu ya yale meno. Fomu ya Nairobi ilipouliza usuli wake katika sanaa, jibu la kweli lilikuwa ni hilo, na hilo ndilo lililomfungia mlango.

Alhamisi Hamse alipiga ya nne. Nyuma ya Hinda hapakuwa na kitu. Foleni ilikuwa imekwisha, meza imeondolewa, palibaki weupe mtupu kutoka pembe hadi pembe, hata mkunjo wa shuka haukuonekana.

"Alhamdulillahi," alisema Abdirizak. "Sasa hii ndio bicha."

Hamse alipendekeza ya Barasa nayo irudiwe. Barasa akasema hana haja, kwao mvua hainyamazi, watapiga mpaka kamera iote kutu. Wakaiacha ile ya kwanza. Wakaikausha kwenye kamba ya nguo, ikaendelea kunyesha, na Bilan akapanda miche ya sukuma wiki chini ya kamba.

Mkaguzi alifika Jumatatu iliyofuata. Jina lake Musembi, mtu mpole mwenye mafua. Alishatembelea shule nyingi na picha nyingi zilishapita mikononi mwake. Aliitazama ya Barasa, akapangusa kidole chake kwenye suruali, akasema, "Kakamega. Sawa kabisa." Akagonga muhuri. Kisha akaichukua ya Hinda na kuigeuza mbele na nyuma.

"Huyu mbona hana kitu?"

"Barua ilisema nyuma iwe wazi," alisema Abdirizak.

"Ndiyo. Wazi. Ionekane." Musembi alipiga chafya. "Tunataka kuona mwalimu anatoka wapi. Huyu hatoki popote."

Abdirizak akaitazama barua yake. Ilikuwa imeandikwa vilevile, neno ni lile, halikubadilika hata herufi. Alikaa chini taratibu.

Hinda aliitwa. Alieleza habari yake yote, tangu Hulugho, na Musembi alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kumfanyia. Akatoa picha ya tatu kwenye mkoba. Musembi akaiweka chini ya taa.

"Mtoto huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Vidole vyako viko kwenye wino."

"Ndiyo."

"Mwalimu, mimi naamini unayosema," Musembi alisema, na alimaanisha. "Lakini siwezi kuambatisha imani. Hii inaonyesha mkimbizi. Ungekuwa na kitu kinachoonyesha ulikuwa wapi kabla ya foleni hii, chochote kile, ningekibana hapa kwa pini, na Nairobi wangekufungulia."

"Nilikuwa nacho," alisema Hinda. "Jumanne iliyopita."

Hamse akaitwa apige tena. Alipiga mara sita. Mara zote nyuma ya Hinda pakatoka weupe uleule, kwa maana kilichopita mbele ya lile shuka hakikurudi. Abdirizak aliomba msamaha kwa Kisomali, kwa sauti ya chini, akimwita dada, na macho yake yalikuwa mekundu. Hinda akasema, "Haidhuru, mwalimu." Ilidhuru sana, na kila mtu mle ofisini alilijua hilo.

Bila mwalimu wa pili, mkondo usingefunguliwa. Wasichana wapatao arobaini walikuwa wameshachagua Sanaa. Kwa hiyo akaitwa Diriye, mwalimu wa Kilimo, mwenye kitambulisho, namba na shati safi. Hajawahi kushika brashi isipokuwa ya kupaka chokaa miti. Alisema hapendi jambo hili. Akaambiwa ni la kwenye karatasi tu, Hinda ataendelea kufundisha kama kawaida. Akavuta kola, akasimama mbele ya shuka.

Picha yake ilitoka saa tisa. Mbele alikuwa Diriye, amekunja uso kwa sababu ya jua. Nyuma yake palikuwa na darasa, wasichana wameinamia karatasi zao, na mbele ya ubao alisimama Hinda mwenye chaki, anaonyesha jinsi kidole cha gumba kinavyoungana na kiganja.

Musembi aliinyanyua kwenye mwanga. "Hii iko wazi," alisema. "Usuli mzuri sana." Akagonga muhuri.

Picha mbili ziko kwenye ubao wa matangazo, karibu na lango, na chini ya ile ya Diriye pameandikwa Mwalimu wa Sanaa. Chini ya ile ya Barasa pamewekwa bakuli. Hinda bado hana kitambulisho. Kipindi kikianza darasani, kule pichani, nyuma ya Diriye, naye huanza. Kengele ikilia, hufuta ubao na kupiga vumbi mikononi. Wasichana waliokosa somo kwa sababu ya malaria husimama langoni na kunakili.

Siku ya wazazi Habibo alikuja, amevaa buibui jipya. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu, pua yake karibu na picha. Mzazi mmoja kutoka Wajir, mwanamke mcheshi, akamuuliza kama ana mtoto hapa.

Habibo hakusema. Aliinua kidevu kuelekea ile picha.

"Mashallah!" alisema yule mwanamke, akimtazama Diriye. "Kumbe wewe ndio mama ya mwalimu. Kijana mzuri, Mungu amuweke."

"Amin," alisema Habibo. Akavuta buibui lake, akaenda kutafuta kivuli.