Kiti cha Gatimu

Wahome alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi ndio uliomrudisha kwenye muratina, pombe ya kienyeji, mara mbili. Akikosana na watu, hutoka, akitoka, hunywa. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba ini lake halitavumilia mara ya tatu.

Basi Jumapili hiyo ya mwaka 1978, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha kahawa huko Gakindu, alijikaza. Walikuwa saba, watu walioacha pombe wakawa wanakutana kila juma ili asiwepo wa kupambana na kiu peke yake. Walikuwa na desturi yao: jambo halipiti hadi mikono yote iinuliwe. Siku hiyo jambo lilikuwa kiti cha Gatimu, mwenzao aliyekunywa tena akakutwa mtoni amekufa. Wenzake walitaka kiti kibaki kwenye duara, na mbele yake kikombe cha chai.

Wahome hakutaka hata kusikia. Alisema aliyezikwa amezikwa, haalikwi chai, na kofia tayari ilikuwa mkononi.

"Hiyo maoni yako tumesikia," akasema Murugi, mama aliyeongoza kikao. "Lakini ukitoka saa hii, utapitia kwa nani?"

Angepitia kwa Wakonyo, mpika muratina. Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa hiyo moja. Aliogopa. Mikono sita ilikuwa juu, ikimngoja. Mawazo yake hayakubadilika hata chembe, lakini aliinua mkono.

Murugi akahesabu.

"Nane," akasema. Hakuna aliyemwomba ahesabu tena.

Walimimina chai, ya Gatimu pia, wakanywa. Wahome ndiye aliyekusanya vikombe, na cha Gatimu alikikuta kitupu. Alikiosha pamoja na vingine.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka. Kwa Wakonyo watu walikuwa wakicheka, harufu tamu ikamjaza mate, na mguu wake ukageukia huko wenyewe. Ndipo aliposikia hatua nyingine kando yake, mguu mmoja ukiburuzwa kama wa Gatimu, maji yakilia ndani ya viatu. Alitaka kukimbilia ndani kwa Wakonyo, lakini hatua zile zilikuwa katikati, baina yake na mlango wa Wakonyo. Wakapita pamoja.

Langoni kwake hakugeuka kutazama.

"Jumapili, basi," akasema, na hatua zikarudi mtoni.