Boti Iliyojaribiwa Dukani

Kariakoo hununui hata balbu bila kuwashiwa. Muuzaji anaichomeka, inawaka, mnatazamana, ndipo mkono unaingia mfukoni. Ni desturi nzuri na mimi, Fortunata, mke wa mwenye duka, naiheshimu. Ila kuna vitu havijaribiwi, na mume wangu Elimringi anauza vya aina hiyo: vifaa vya kujiokolea melini. Kubwa kuliko vyote ni boti ya mpira iliyokunjwa ndani ya pipa jeupe. Ukivuta kamba, mtungi wa gesi unafunguka na boti inajaa yenyewe, papo hapo.

Siku hiyo akaingia Mzee Suud, mwenye boti za abiria za kwenda Kisiwa cha Mafia, pamoja na binti yake Hind. Habari yao mtaa mzima tulikuwa nayo. Hind ana cheti cha unahodha, boti mpya ya baba yake inaanza safari Jumamosi, na mzee hajaamua usukani ampe yeye au binamu yake Ammar.

"Kuendesha anaweza," mzee alituambia, binti mwenyewe kasimama palepale. "Lakini likitokea la kutokea, watu wanapiga mayowe, nani atamsikiliza msichana?"

Hind akasogea mlangoni. Mimi nilishafungua mdomo nimjibu, Elimringi akanikanyaga mguu.

Mzee akaligonga pipa kwa fimbo. "Haya, jaribu tuone."

"Baba, hii haijaribiwi," Hind alisema kutoka mlangoni. "Ikishafunguka, hairudi pipani mpaka ipelekwe kwa mafundi wake."

"Tangu nizaliwe sijanunua kitu Kariakoo bila kujaribiwa. Nitajuaje kama ndani hawajajaza matambara?"

"Mteja mfalme, Mama Allan," mume wangu aliniambia, eti mimi ndiye niliyebisha. Aliamini kwamba akivuta kidogo, itajaa kidogo.

"Usivute!" Hind alipiga kelele.

Akavuta.

Pipa likapasuka pwaa! Kitu cha rangi ya chungwa kikafura kama andazi kwenye mafuta ya moto. Kikaangusha rafu ya maboya, kikamsukuma Hind hadi barabarani, kikaziba mlango, na kibanda cha turubai kilicho juu ya boti hiyo kikainuka mpaka darini. Sisi watatu tukabanwa ukutani kwa nyuma, kofia ya mzee imemfunika macho. Nilicheka! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mume wangu aliponikazia macho ndipo nikazidi.

Kisha tukasikia ssss. Gesi iliyozidi ilikuwa inatoka, na hewa ikaanza kuwa nzito. Kicheko kikakatika. Elimringi akachukua kisu cha kukatia kamba.

"Weka kisu chini!"

Kichwa cha Hind kilikuwa kimechomoza kwenye kibanda cha boti, upande wetu. Aliingilia mlango wa boti unaotazama barabarani, akatambaa hadi kwetu.

"Ukiitoboa, gesi yote inawashukia. Vueni viatu, pini, kila chenye ncha. Mnapita ndani ya boti mnatokea nje. Baba, tangulia."

"Watangulie hawa. Mimi mwanamume, nitatoka wa mwis..."

"Baba, sikuombi. Panda."

Hakupaza sauti. Mzee Suud akamtazama, akadondosha fimbo, akavua makubadhi, akakunja kanzu mpaka magotini, akatambaa. Wallahi, ningekuwa mimi ni mpira ningepasuka kwa furaha.

Nikafuata. Nyonga zangu zikakwama kwenye uwazi wa boti, na mume wangu akanisukuma kwa bidii ambayo sijaiona tangu tufunge ndoa. Nje, Hind alishapanga wamachinga mistari miwili watupokee. Walinivuta kama gunia la mitumba. Kariakoo nzima imejaa, mmoja juu ya mkokoteni anaita abiria: "Mafia, Mafia! Wawili tu, tunaondoka!" Hata Elimringi alipochomoza, tumbo likitangulia, alipigiwa makofi.

Hind alitoka wa mwisho. Hakuketi wala hakujifuta jasho. Akausogeza umati mbali na mlango, akatukagua mmoja mmoja, akaanza kumuuliza mume wangu kama kuna mtu amebaki stoo.

Mzee Suud alikuwa amesimama peku katikati ya barabara, makubadhi mkononi. Nilidhani atagomba. Akakohoa.

"Nahodha," akaita.

Hind akageuka polepole, kama asiye na hakika anaitwa nani.

"Nahodha, naruhusiwa kuvaa viatu?"

Tabasamu lilimjia Hind, lakini kazi ilikuwa haijaisha. "Bado, Baba. Subiri nimalize."

Watu wakaangua kicheko, na yule wa mkokoteni akaanza tena kuita abiria. Mzee Suud akamwelekezea kubadhi.

"Nyamazeni!" alifoka. "Hamsikii nahodha anaongea?"