Beji Kifuani mwa Hilda

Hilda alikuwa mtu wa kuamini, na watu wa kuamini ndio wanaotuliza bosi yeyote. Kila asubuhi, kabla hajaingia chumba cha eksirei katika kituo kimoja cha afya pale Mfaranyaki, alivaa koti lake jeupe, akabana kifuani beji ya kupimia mionzi, kisha akaigonga kwa kidole kama anayebisha hodi. Ilikuwa kidude cha plastiki, kidogo kuliko kiberiti. Ndani ya kidude hicho hukaa kadi inayokusanya mionzi yote inayompata mvaaji. Kila robo mwaka kadi za wafanyakazi hupelekwa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Nyuklia, husomwa, na majibu hurudi. Majibu ya Hilda yalirudi safi siku zote.

"Taasisi iko mbali lakini inakuona," alipenda kusema Mama Renatha.

Mama Renatha, jina lake Devota, alikuwa mkuu wa chumba kile na ndiye aliyekabidhiwa usalama wa mionzi kituoni. Kwa Hilda alikuwa zaidi ya mkuu. Ndiye aliyemwekea mkono begani siku ya kipaimara kule Peramiho, akiwa msimamizi wake. Ndiye aliyemhimiza asome fani hii, na mama yake mzazi alipofariki, ndiye aliyelala naye mkekani matanga yote. Hilda hakumwita "mama" kwa adabu tu.

Beji zilikuwa chini ya mkono wa Devota. Jioni anazikusanya, asubuhi anazigawa. Sababu alikuwa nayo, na ilichekesha: Mathias, mwenzao, aliwahi kufua koti pamoja na beji yake, akaianika juani kamba moja na soksi. Majibu yaliyorudi yalikuwa ya ajabu, hata Taasisi ikapiga simu kuuliza kama kijana huyo analala juu ya mashine. Tangu hapo ikawa amri: beji mnavaa tu, na atakayeifungua amenitukana. Nani angeshuku? Mtu mzima akikutunzia kitu, unasema asante.

Kisha Hilda akapata mimba. Mawifi walikuwa wameshamchosha kwa maswali, naye alishachoka kuyajibu, kwa hiyo furaha ile aliipokea kwa woga, kama mtu aliyebebeshwa mayai njia ya mawe. Siku alipomwambia Mama Renatha, aliomba jambo moja: ahamishiwe mapokezi mpaka ajifungue.

"Kwa majibu haya?" Devota alicheka. "Beji yako ni safi kuliko ya sista wa nyumba ya watawa! Na hawa bodaboda wanavyovunjana miguu kila siku, Mathias atawaweza peke yake? Tulia, mwanangu. Kungekuwa na jambo, Taasisi ingeshasema."

Hilda akatulia. Hata mumewe Cornel aliponung'unika nyumbani, alimjibu kwa maneno yaleyale, na kwa jeuri kidogo, maana msomi wa eksirei alikuwa yeye na si fundi seremala.

Asubuhi moja akafika mgeni bila taarifa. Alijitambulisha kuwa anaitwa Abdulhamid, mkaguzi kutoka Taasisi. Alimwamkia Devota shikamoo, akaketi, akaeleza kilichomleta kwa upole.

"Mama, hapa mna beji moja ya kukaa kabatini, haivaliwi na mtu, ni ya kulinganishia. Halafu kuna zile za wafanyakazi. Sasa kwa muda mrefu zote zinasoma sawasawa. Mtu wa eksirei, hata awe mwangalifu vipi, siku moja moja atapishana na kabati. Hawa wako hawapishani nalo kabisa."

Devota alitazama dirishani. Mkaguzi akamgeukia Hilda, akaomba beji yake. Hilda alimtazama kwanza Mama Renatha, kuomba ruhusa, na hakuipata wala hakukatazwa. Akaitoa, mkaguzi akaifungua.

Ndani hamkuwa na kitu.

Ninachomhurumia Hilda ni hiki: wa kwanza kujilaumu alikuwa yeye. "Jamani, kadi nimeiangusha wapi? Naomba radhi, kaka, sijui hata..." Aliinama kutafuta sakafuni, na tumbo lile. Hapo Mathias akafungua yake. Tupu nayo. Kabati lilipofunguliwa, kadi zote zilikutwa ndani ya kopo la kahawa, zimepangwa vizuri. Hazijawahi kuvaliwa na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Hilda alikuwa amekibana nguoni kwa mkono wake mwenyewe.

Abdulhamid alimwomba Mathias awashe mashine bila mgonjwa, naye akapita na kipimo chake polepole nyuma ya ukuta wanakojikinga wafanyakazi. Kilianza kulia mahali anaposimama Hilda. Pale ukutani palikuwa na kalenda ya parokia. Mashine ilipozimwa aliiondoa kalenda hiyo, na nyuma yake ufa ulishuka toka juu hadi kiunoni.

"Mtoto wangu amepata kiasi gani?" Hilda aliuliza.

"Dada yangu, kadi ndiyo ingetuambia. Tutapima ufa, tutapiga hesabu, lakini itakuwa kukadiria. Huenda ni kidogo sana. Nenda kliniki, waambie kila kitu. Ila kukuapia siwezi."

Akafunga chumba kwa lakiri ya Taasisi. Hilda alienda nyumbani kwa miguu. Bodaboda walimwita, hakuwasikia.

Jioni Devota alibisha hodi, kakumbatia kuku. Shikamoo ilimtoka Hilda yenyewe, akaichukia ikiwa bado mdomoni.

"Marahaba, mwanangu." Devota aliketi bila kukaribishwa. "Ukuta ulipasuka mafundi wa jirani walipochimba msingi. Mkurugenzi akaahidi kuuziba, kiangazi kikapita, masika yakapita. Ningesema, au kadi zikasema, wangefunga chumba, kituo kikafa, nasi sote tukarudi kulima Maposeni."

"Ungeniambia mimi. Mimi tu, mama. Ningekaa mapokezi nikanyamaza."

"Ungemwambia Mathias."

Hilda hakubisha. Pengine angemwambia. Alilia, na Devota naye akalia, na kwa muda ilikuwa kama zamani, wawili kwenye msiba mmoja.

"Kesho yule kijana atachukua maelezo yako," Devota alisema akifuta macho. "Mwambie tulisahau kuziweka kadi. Kusahau si dhambi."

Tuseme ukweli, Hilda alikuwa anaelekea kukubali. Mkono uliokaa begani mwake siku ya kipaimara ulikuwa na uzito wake. Kwa ufa angemlaumu mkurugenzi. Kwa kadi angesema mama wa watu aliingiwa na woga, na woga haufikiri mbali. Laiti Devota angeishia hapo.

"Na usidhani nilikuacha peke yako," Devota aliendelea, akamshika goti. "Tangu uliponiambia una mimba sijakosa misa ya alfajiri. Kila siku nakuombea wewe na huyo mtoto, azaliwe mzima."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mungu shahidi."

Hilda alimtazama mama huyu kana kwamba ndiyo kwanza anaonyeshwa uso wake. Hapakuwa na kusahau. Hapakuwa hata na woga usiofikiri mbali. Alikuwa amefikiri, asubuhi baada ya asubuhi, akiwa amepiga magoti.

"Ukishamaliza kumwombea," alisema, "unakuja kunisimamisha pale ukutani."

Hilda aliondoa mkono ule gotini, akachukua simu na kumpigia mkaguzi.

"Kaka Abdulhamid, maelezo yangu usingoje kesho. Njoo sasa hivi, kabla huyu mama hajaondoka."