Hasara Iliyovaa Nguo

Fundi alikuwa na mdomo. Wateja walimpenda kwa sababu gauni lake likikukaa, limekukaa. Lakini waliofanya naye kazi walijua kwamba ukipindisha mshono utaambiwa maneno ambayo hata Mzee Pasi, mpiga pasi wao, asingeweza kuyanyoosha. Na tusi lake kubwa lilikuwa moja: "Wewe ni hasara iliyovaa nguo!"

Hakuchagua wa kumwambia. Siku alipomwambia Sindano, binti yake wa pekee, wateja wakiwa wamejaa, yule msichana aliweka mkasi mezani taratibu. Jina la Sindano alilipata kwa wembamba wake, na hakuwa mtu wa kelele.

"Mama, ukiniita hivyo tena, nahamia kwa baba. Na sirudi."

"Nenda! Nani kakushika?"

Fundi alijibu hivyo kwa sababu mdomo ulishazoea kutangulia. Moyoni alijua mwanawe si mtu wa kutishia bure.

Kichwa kikaanza kumuuma, kisikome. Zahanati walimpima wasione kitu, wakampeleka kwa mshauri, mwanamama aliyekaa kwenye chumba chenye viti viwili na feni inayolalamika. Fundi alitarajia vidonge. Alipomaliza kusimulia ya Sindano, akapewa swali.

"Hilo neno, hasara iliyovaa nguo, mara ya kwanza ulilisikia kwa nani?"

"Langu mwenyewe," Fundi akasema upesi. Kisha akaiona sakafu ya jikoni kwa shangazi yake aliyemlea, sahani imevunjika, na yeye mdogo amesimama na vipande mkononi. "Kwa shangazi," akasema, na machozi yakamtoka. Akaona haya kulia mbele ya mtu asiyemjua.

Mshauri alimpa kazi moja: hasira ikija, aitambue kabla haijafika mdomoni.

"Itambuliwe vipi na haipigi hodi?" Fundi alilalamika kesho yake kwenye duka la jirani, baada ya kumsimulia yote ya mshauri na ya shangazi. "Mimi ndivyo nilivyo."

Jirani huyo, Mama Vifungo, alikuwa mjane wa Kihindu aliyeuza nyuzi, zipu na vifungo. Kila asubuhi kabla ya kuuza chochote alikaa kimya amefumba macho, na mteja mwenye haraka zake alizimeza.

"Ndivyo ulivyo vipi, mwanangu?" aliuliza, huku akipanga vifungo.

"Mkali."

"Na sasa hivi, wewe ni mkali?"

"Sasa hivi sijambo, mama."

"Basi ukali ulikuja ukaenda zake, na wewe bado upo, unanisimulia. Uliuona. Sisi kwenye dini yetu tunafundishwa hivyo: aliye ndani kabisa anatazama tu. Haongezeki, hapungui. Hayo mengine ni mavazi. Wewe fundi, umewahi kumchanganya mteja na gauni lake?"

"Wapo wanaochanganyika wenyewe!"

Wakacheka wote wawili.

"Hilo vazi lako alikushonea shangazi," Mama Vifungo akasema. "Ukiwa mtoto. Halikubani?"

Fundi alichezea kifungo. "Nikilivua?"

"Litarudi. Utalivua tena. Mimi nimeuvua uchoyo tangu ujana, na bado zipu zangu unaziona ghali."

Haikupita wiki, mteja akaleta kitambaa alicholetewa na dada yake kutoka mbali, ambacho hakikuwa na cha kufanana nacho. Sindano alikata mikono ya gauni mmoja mmoja, akasahau kugeuza karatasi ya kipimo. Fundi alipoitandaza mezani, yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Masikio yakamwaka. Mabega yakapanda. Neno likaja, na lilikuja kwa sauti ya shangazi.

"Wewe ni..."

Mzee Pasi aliinua pasi juu, asije akaunguza kitu. Sindano alikuwa ameshachukua mkoba wake.

"Mimi ni nini, mama?"

Fundi alifumba mdomo. Masikio yalimwaka naye akayasikia yakiwaka, kama anavyomtazama mtu aliyevaa nguo isiyo yake. Neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakulimeza, hakulitema. Akakaa kwenye kiti, akaliangalia mpaka likalegea.

"Sijui wewe ni nini," akasema. "Ila nililotaka kusema si langu. Niliambiwa na shangazi nilipovunja sahani."

Sindano hakuwahi kuisikia habari hiyo. "Sahani tu?"

"Sahani tu."

"Na mimi nilidhani mteja ndiye mwenye mikono miwili ya kushoto," Mzee Pasi akasema, akashusha pasi.

Hakuna aliyecheka, lakini Sindano alivua mkoba begani. Hakuutundika mahali pake. Aliuweka kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Akaja mezani.

Waligeuza mabaki ya kitambaa huku na huku. Mkono wa kulia ungetoka kwa vipande viwili, mshono ufichwe chini ya kwapa. Masikio ya Fundi bado yalikuwa moto. Akamwekea mkasi mbele yake.

"Geuza karatasi kwanza," akasema.

Sindano akaigeuza, akakata.